Bei ya Fedha, Bei ya Mkono

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili ambavyo makumbusho ya Marekani hujitahidi sana kuvitenga. Kwetu fedha ni yale madini meupe ya pete na bangili, na fedha pia ni pesa, ile ambayo ina wizara yake na bajeti yake kila Juni. Ukimwambia shosho wako kwamba huko Boston kuna bakuli la fedha limewekwa ndani ya kabati la kioo, atakuuliza swali moja tu: ni la pesa ngapi? Na hapo shosho atakuwa amewapita wahakiki wengi ambao nimewasoma.

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikitazama vyombo vya mezani vya Marekani ya zamani, vile vilivyofuliwa Boston, New York, Philadelphia na Charleston kuanzia karne ya 17 hadi mwanzo wa karne ya 19. Navitazama kwa simu, bando likiruhusu. Makumbusho makubwa ya huko yameweka picha zao mtandaoni bure, na nyingine unaweza kuzivuta mpaka uone mikwaruzo iliyoachwa na vijiko miaka 250 iliyopita. Ni vyombo vizuri. Sitajifanya ati sivipendi. Shida yangu ni maelezo yanayoandikwa kando yake: umaridadi, mistari safi, mkono wa fundi. Huo mkono unatajwa kila mahali, lakini mara chache sana utaambiwa ulilipwa ngapi, au kama ulilipwa.

Hebu tuanze na pesa, kwa sababu wao wenyewe walianza nazo. Mwaka 1652 koloni la Massachusetts lilikuwa na shida ambayo kila mwenye kibanda mtaani anaijua: chenji. Sarafu za Uingereza zilikuwa adimu. Zilizozunguka kwa wingi zilikuwa za Kihispania, na kati ya hizo nyingine zilikuwa zimekatwa kingo na nyingine zilikuwa bandia tupu. Baraza la koloni likampa kazi sonara wa Boston, John Hull, apige sarafu za hapo nyumbani. Yeye na mwenzake Robert Sanderson wakaanza kutoa shilingi, zikiwemo zile maarufu zenye mchoro wa msonobari. Kwa takriban miaka 30 wakaendelea kuchapa mwaka 1652 juu ya karibu kila moja, kana kwamba kalenda imekwama. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba mwaka huo Uingereza haikuwa na mfalme, na bila mfalme hakuna wa kuudhika ukijitengenezea pesa.

Ninachotaka ushike hapo ni kwamba Hull na Sanderson hao hao ndio waliofua vikombe vya kanisa na vijiko vya mezani. Sarafu na kikombe vilitoka kwa watu wale wale na madini yale yale.

Sasa jiweke mahali pa mfanyabiashara wa Boston wa wakati huo. Una mfuko wa sarafu za Kihispania. Hakuna benki. Sarafu zote zinafanana, kwa hivyo mwizi akizibeba huwezi kusimama mbele ya hakimu na kusema hizi ni zangu. Unazipeleka kwa sonara. Anazipima, anaziyeyusha, anakufulia kopo kubwa la bia lenye kifuniko, kisha anachora juu yake herufi za jina lako na la mke wako, na chini anagonga chapa yake mwenyewe. Mwizi akilichukua, unatoa tangazo ukitaja umbo, uzito na herufi, na sonara yeyote akiletewa atalitambua. Mambo yakikaza, unalirudisha kwenye moto linakuwa pesa tena. Kati ya shida moja na nyingine, unakunywa bia.

Kwa hivyo kopo lile lilikuwa akaunti ya akiba yenye mpini. Nasema hivyo bila kulidharau. Kuna watu hapa ambao akiba yao ni ng'ombe, na hilo halijawahi kumzuia mtu kumsifu ng'ombe kwa sura.

Paul Revere, sonara maarufu kuliko wote wa Marekani, aliweka vitabu vya hesabu, na viwili bado vipo kwenye jumba la kumbukumbu za kihistoria la Massachusetts. Vinaanza mwaka 1761 na kuishia 1797. Humo, chombo cha fedha kwa kawaida kina bei mbili. Kuna bei ya madini, inayofuata uzito wa mizani, na kuna bei ya kukitengeneza, iliyoandikwa peke yake. Mteja akileta vijiko vyake vya zamani viyeyushwe, thamani ya madini inakatwa kwenye deni na anayelipia hasa ni kazi. Mimi hulipwa kwa idadi ya maneno, na nakiri niliusoma utaratibu huo kwa wivu kidogo. Mtu alikaa chini akaandika kwamba uzito ni kitu kimoja na ufundi ni kingine.

Ila angalia kinachotokea siku chombo kinaporudi motoni. Uzito unabaki wote, au karibu wote. Kazi inapotea kabisa. Saa zote za nyundo, nakshi, kung'arisha, hakuna hata senti inayotoka upande wa pili. Ndiyo maana naona kila birika la karne ya 18 lililobaki ni ushahidi wa uamuzi uliorudiwa mara nyingi. Kila kizazi kuna mtu aliyelitazama, akapiga hesabu ya madini, kisha akasema hapana. Mengi hayakuwa na bahati hiyo. Vilivyomo kwenye makabati ya kioo ni vile ambavyo thamani ya mkono ilishinda thamani ya mizani.

Na mkono wenyewe ulifanya nini? Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye utamu.

Fundi anaanza na bamba la mviringo, bapa kama chapati. Katikati yake anagonga kitone kidogo kwa ncha ya chuma, na kutoka hapo anachora duara kwa bikari. Analegeza bamba juu ya fuawe ndogo, analizungusha kwa mkono mmoja na kugonga kwa mwingine, duara baada ya duara kutoka karibu na katikati kwenda nje, mpaka kingo zianze kuinuka. Hakuna kinachoongezwa wala kukatwa. Madini yanasukumwa tu, yanahama. Lakini fedha ina tabia: ukiigonga sana inakuwa ngumu, na ukilazimisha inapasuka. Basi fundi anasimama, anairudisha motoni mpaka ianze kuwa nyekundu kwa mbali, anaipoza, inalainika, anaanza tena duru nyingine. Bakuli moja linapita motoni mara nyingi hivyo. Umbo likishapatikana inakuja nyundo nyingine, yenye uso uliosuguliwa ukawa kama kioo, ya kufuta alama za nyundo ya kwanza. Miguu na mirija ya birika mara nyingi huyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kisha huunganishwa kwa lehemu. Nakshi huja mwisho.

Kile kitone cha katikati hakifi. Geuza bakuli la zamani, tafuta chini, mara nyingi utakiona bado kipo, kidogo kama chembe ya chumvi. Wanaokusanya vitu hivi hukitafuta kabla ya kitu kingine. Kwangu ni alama nzuri kuliko nakshi yoyote, kwa sababu haikuwekwa ipendeze. Iliwekwa ili kazi ianze.

Jambo lingine nililolipenda: mipini ya mabirika ni ya mbao. Hakuna metali inayopitisha joto vizuri kuliko fedha, na birika la chai ya moto lenye mpini wa fedha lingekuchoma kama sufuria uliyoishika bila kitambaa. Kifaa cha kitajiri kabisa mezani, na bado kinamtegemea seremala.

Sasa tuingie mwaka 1768, kwa sababu mwaka huo una mambo matatu ambayo huwa hayawekwi chumba kimoja.

La kwanza ni picha. John Singleton Copley alimchora Revere akiwa na umri wa miaka 33, ameshika birika mkono wa kushoto, kidevu kimeegemea mkono wa kulia, shati jeupe bila koti. Kumchora fundi na shati la kazini, bila koti, kulikuwa ni ujasiri enzi hizo, na Copley alijua kuchora mng'aro: vidole vya Revere unaviona tena ndani ya birika. Ni picha kali, kusema ukweli. Lakini itazame vizuri. Meza inang'aa kama ya sebuleni. Shati halina doa. Kuna vifaa vichache vya kuchorea nakshi, lakini hakuna fuawe, hakuna moto, hakuna mwanagenzi anayepuliza mivukuto. Copley alichagua dakika ya mwisho ya kazi, ile ya nakshi, ambayo unaweza kuifanya umeketi na mikono safi. Tangu hapo tukisikia "fundi" tunamwona mwanamume mmoja mwenye kuwaza, yuko peke yake na kazi yake.

Vitabu vyake vya hesabu vina Revere mwingine, na mimi nampenda zaidi huyo. Anauza vifungo vya viatu, vijiko kwa vijiko, anatengeneza vilivyovunjika. Alitangaza gazetini kwamba anaweka meno ya bandia. Kuna hata mnyororo wa fedha wa kufungia kindi, ndiyo, kindi, maana watoto wa wenye nazo waliwafuga. Huyu ni mtu wa hustle. Baadaye, miaka ya 1780, akapata mashine ya kusukuma fedha kuwa bamba jembamba. Birika halikuhitaji tena kuinuliwa kwa nyundo: unakata bamba, unalikunja, unaunganisha kwa lehemu, na yale mabirika yake ya mistari ya wima ambayo husifiwa sana yalitoka kwa njia hiyo. Wanaoabudu mkono huwa wanapita hapo haraka. Mimi nadhani ni kati ya kazi zake bora. Alijua mashine inataka umbo gani, akalitafuta.

La pili la mwaka 1768 ni bakuli lenyewe. Wanaume 15 wa kundi la Sons of Liberty walimwagiza Revere bakuli la kunywea panchi, kuwaheshimu wabunge 92 wa Massachusetts waliokataa kuifuta barua ya kupinga kodi mpya za Uingereza. Lina uzito wa wakia 45 na ujazo wa gili 45, kipimo cha vinywaji cha zamani. Ni kama kilo 1.4 za fedha na lita tano na kidogo za panchi. Hiyo 45 ni utani wa kisiasa: toleo namba 45 la gazeti la John Wilkes kule London, lililomfanya akamatwe kwa kumkosoa mfalme. Majina ya wale 15 yamechorwa kuzunguka ukingo. Upande mmoja una maneno ya kuwasifu wabunge. Upande wa pili una bendera mbili zilizoandikwa Magna Charta na Bill of Rights, kofia ya uhuru juu yake, na hati ya upekuzi iliyochanwa.

Kama mhakiki, hukumu yangu ni hii: umbo ni la ajabu na maandishi ni kelele. Umbo limeigwa kutoka kwa mabakuli ya kauri ya China, yaliyokuwa yakifika Boston kwa meli. Tumbo linapanda polepole, mdomo unafunguka kidogo tu nje, na huhitaji kingine. Halafu juu yake likabandikwa bango la mkutano wa siasa. Sisi tunaijua hiyo tabia. Matatu yetu huwa na mchoro mzuri mpaka mtu aongeze usemi wa kumi na mbili. Wamarekani wenyewe nadhani waliliona hilo bila kulisema, kwa sababu umbo limenakiliwa maelfu kwa maelfu ya mara kama kikombe cha ushindi na zawadi ya harusi, na nakala hizo mara nyingi huja tupu, bila bendera wala Wilkes.

Lakini zaidi ya kelele, ni neno lenyewe linalonisumbua. Uhuru, limechorwa juu ya fedha. Fedha ya koloni ilitoka kwa kiasi kikubwa kwenye sarafu za Kihispania, na sarafu hizo zilitoka Mexico na kwenye mlima wa Potosí, katika Bolivia ya leo. Potosí iligunduliwa mwaka 1545. Tangu miaka ya 1570 vijiji vya wenyeji vililazimishwa na serikali ya Uhispania kutoa wanaume kwa zamu waingie mgodini, na fedha ilichujwa kwa zebaki, ambayo ni sumu. Ikishayeyushwa na kuchanganywa mara kadhaa, hakuna mtu anayeweza kutenga gramu ya mgodi fulani. Sarafu zile zilizunguka dunia nzima. Jina lake, reale, lilitia nanga hadi kwenye pwani yetu na kuingia katika Kiswahili. Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba hayo ni mambo ya mbali yasiyohusu bakuli.

Panchi yenyewe ilihitaji ramu na sukari, na sukari ilitoka kwenye mashamba ya watumwa ya Karibi. Kizazi cha kabla ya Revere kilikuwa na chombo cha kufaa zaidi kueleza hilo: visanduku vya sukari vya John Coney na Edward Winslow wa Boston, vyenye matumbo ya mviringo, nakshi ya majani iliyoinuliwa kutoka ndani, na kitasa. Kitasa! Sukari ilikuwa ghali kiasi cha kufungiwa. Vimebaki vichache sana, na kwa ufundi mtupu naviweka juu ya bakuli la Revere. Hakuna sentimita iliyolala. Nikivitazama siwezi kuchagua kati ya kuvistaajabia na kukasirika, na sioni kwa nini nichague.

La tatu la mwaka 1768 lilitokea mbali na Boston. Charleston, South Carolina, alifariki sonara aliyeitwa Alexander Petrie. Ana mabirika ya kahawa yaliyobaki, marefu, ya kifahari, yenye chapa yake. Kati ya mali aliyoacha kulikuwa na mtu, Abraham, sonara mwenye ujuzi. Mali ilipouzwa, Abraham aliuzwa pia, na aliyemnunua ni Jonathan Sarrazin, mtu wa biashara hiyo hiyo ya fedha. Hamnunui fundi hivi hivi. Unamnunua kwa sababu mikono yake inajua kazi. Katika vyombo vyenye chapa ya Petrie, ni vipi alivigonga Abraham? Chapa haisemi, kwa sababu chapa ni ya mwenye karakana. Zile bei mbili, ya madini na ya mkono, kwake zote ziliingia mfuko wa mtu mwingine, na yeye mwenyewe akawa kitu chenye bei.

Hapo ndipo "mkono wa fundi" linapokuwa neno la hatari. Mkono wa nani?

Mwaka 1906 jumba la sanaa la Boston lilifanya maonyesho makubwa ya fedha ya zamani ya Marekani, na mwaka 1924 jumba la Metropolitan la New York likafungua bawa zima la sanaa ya Marekani. Mwaka huo huo wa 1924 Bunge lao lilipitisha sheria kali ya kufungia wahamiaji mlango. R. T. Haines Halsey, mkusanyaji wa fedha aliyekuwa mmoja wa nguzo za bawa hilo, aliamini vitu hivi vingewafundisha wageni Umarekani halisi. Sasa sikiliza: baba yake Revere aliitwa Apollos Rivoire, mtoto Mprotestanti aliyetoka Ufaransa na kuwa mwanagenzi wa John Coney. Myer Myers, bingwa wa New York, alikuwa Myahudi, na alifua mapambo ya fedha ya hati za Torati pamoja na vyombo vya chai vya matajiri. Kwani Umarekani halisi ulikuwa upi?

Chombo ninachorudia zaidi si maarufu. Ni birika la Peter Bentzon. Alizaliwa St. Thomas, visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Denmark, akiwa mtu huru mwenye asili ya Kiafrika na ya Kizungu. Alijifunza kazi Philadelphia mwishoni mwa karne ya 18, kisha akafanya kazi huko na kisiwani St. Croix. Ni sonara wa kwanza mwenye asili ya Kiafrika nchini Marekani ambaye tunamjua kwa jina na kwa kazi yenye chapa yake. Birika si la kuvunja mbavu. Ni la mtindo wa wakati wake, limetulia, limeungwa vizuri, la mtu anayejua wateja wake wanataka nini na hana haja ya kuwashangaza. Lakini chapa imegongwa, jina la ukoo lote: P.BENTZON. Revere naye aligonga jina lake, wote waligonga. Bado nikilisoma hili nasikia nyundo kwa sauti tofauti.

Makumbusho karibu yote hupiga picha vyombo hivi kutoka mbele, kwenye mwanga laini, mandhari ya kijivu. Kwenye kabati ni hivyo hivyo, vimesimama wima. Kitone cha bikari kiko chini. Chapa nyingi ziko chini. Uzito, kwenye vyombo vingi, ulikwaruzwa chini ili mwenyewe ajue kama amepunjwa. Ningeomba wavigeuze.